Sufuria ya Bi Tausi

Nchi ilipojitoa katika Muungano, kwa mizinga na hotuba, Bi Tausi, mzaliwa wa upande wa pili, aliamka mgeni katika kitanda alicholalia miaka ishirini. Asipothibitisha kwamba ameishi hapa miaka yote hiyo, Ijumaa atavushwa mpaka, mumewe abaki.

Risiti zote za nyumbani zina jina la mume. Basi akapeleka uhamiaji sufuria yake ya pilau, ile inayoazimwa na mtaa mzima.

"Mama, tunataka nyaraka," alisema afisa kijana.

"Igeuze, mwanangu, usome."

Kila iliporudi kutoka shughulini, Bi Tausi aliikwaruza kitakoni kwa msumari: shughuli ya nani, mwaka gani. Afisa alisoma kwa sauti ya serikali. "Harusi ya Kidawa. Arobaini ya Mzee Pazi. Jando la Nasibu..."

Nasibu ndiye yeye.

"Ulilia sana siku ile," Bi Tausi alisema taratibu. "Nikakupa ukoko."

Foleni nzima ilitazama dari kwa adabu.

Nasibu akakohoa, akatangaza kwamba sheria inataka nakala. Akaikumbatia sufuria, akaipandisha juu ya mashine ya fotokopi. Mwanga wa kijani ukaanza kutambaa chini yake, na Bi Tausi akaushika ukingo, isitikisike.