Chungu cha Maji Matupu

Kila asubuhi askari walioteka kijiji walitazama moshi wa majiko. Nyumba isiyofuka moshi, wenyewe walihesabiwa wametoroka, wakafuatwa njiani. Kwa hiyo Nyamvula aliinjika chungu cha maji matupu, kisha akawavika wanawe viatu.

Ndipo Mama Tunu, jirani aliyezoea kuchekacheka na askari, akaingia bila hodi.

"Naomba moto, shoga."

Moto gani, na jiko lake lafuka tangu alfajiri?

Mama Tunu akafunua chungu, akachungulia. Nyamvula akabana kisu alichokificha ndani ya khanga.

"Mboga yako ngumu hii. Kuni hizi hazitaiivisha."

Akaondoka bila kuchukua hata kaa moja.

Adhuhuri, ng'ambo ya mto, Nyamvula aligeuka. Kuni alizoacha zingekuwa majivu kitambo, lakini moshi ulikuwa bado unapanda jikoni kwake, mnene kuliko asubuhi.