Damu Inayoshuka

Mbaruku, muuza mtindi, alikuwa na hakika kwamba mkewe anavitema vidonge vyake vya sonona. Mbona miezi inapita na Sikudhani yuko vile vile?

Daktari hakubishana naye. Alitoa damu ya Sikudhani, akaisimamisha ndani ya mrija mwembamba wa kioo.

"Ikishuka upesi, huenda mwili una uvimbe wa ndani, na vidonge peke yake havitafua dafu. Tusubiri." Akatoka.

Wekundu ukaanza kuteremka, ukaacha maji ya manjano juu. Mbaruku akaona damu inajitenga kama mtindi uliokaa. Akanyoosha mkono autikise mrija, kama atikisavyo kibuyu kabla ya kumpimia mteja.

"Usiguse!" Sikudhani alifoka. "Ukitikisa tutajuaje?"

Mkono ukabaki hewani. Tangu masika mkewe hakuwa ametaka kujua jambo lolote, hata mvua ikinyeshea nguo kambani. Sasa alikuwa amevuta kiti, pua karibu iguse kioo.

"Nilivimeza vyote, Baba Semeni," alisema bila kugeuka. "Njoo uone."

Mbaruku akainama kando yake. Mstari mwekundu ulikuwa bado unashuka.