Salamu ya Mwisho ya Mwalimu Obeid

Masanduku yalikuwa yamekwisha kufungwa juu ya gari, na gari lilikuwa linanguruma mbele ya dojo, ukumbi wa karate wa mtaa wa Mutakura. Mwalimu Obeid alikuwa anahama. Ndege ya jioni, halafu Maskati kwa binti yake Maha, na kurudi hakuna. Kilichobaki kilikuwa kuagana na wanafunzi na kumvika mmoja wao mkanda wake mwenyewe, ule mweusi. Atakayevikwa ndiye atakayeachiwa dojo.

"Mudomo wako umeenda upande tangu asubui," mkewe Kaltum alimwambia. "Tupite kwanza kwa muganga, Baba Maha."

"We unaonaka magonjwa kila fasi. Watu wananingojea."

Akashuka garini. Fundi wa pikipiki ng'ambo ya barabara alizima redio bila kuambiwa. Ndivyo ilivyokuwa Obeid akipita. Mzee mwembamba, shingo kama ya kuku, lakini wanaume wenye vifua walimpisha njia.

Ndani wanafunzi walikuwa wamepiga magoti. Mbele walikaa wawili waliokuwa wanautaka ule mkanda: Khaled, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, na Fortunat, fundi wa gereji, yatima aliyekulia barazani kwa mwalimu na kula katika chungu cha Kaltum.

"Leo unarudia gereji yako, mon cher," Khaled alinong'ona. "Oili inakungojea."

"Nyamaza, anaingia."

Obeid alipiga magoti mbele yao, akaweka viganja sakafuni, akainama. Wote wakainama.

Sheria ilikuwa moja: hakuna kuinua kichwa kabla ya mwalimu. Habari ya Massoudi ilijulikana mtaa mzima. Mwaka fulani mwalimu alijiangusha kusudi katikati ya salamu, akakoroma kama mtu anayekata roho. Massoudi, mtu mzima mwenye watoto, akaruka kumshika. Mwalimu akasimama, akajipangusa vumbi, akamvua mkanda mweusi mbele ya watoto wake na kumfunga mweupe. Mpaka leo Massoudi akipita sokoni, vijana wanamwinamia wakicheka.

Basi mwalimu alipoanza kukoroma siku ile, hakuna aliyeshtuka. Kikasikika kishindo cha mwili. Mtu wa safu ya nyuma alicheka kwa pua.

Khaled aligeuza jicho moja. Aliona povu. Aliona mkono wa kulia umelala kama kitambaa kilicholowa. Aliona macho ya mwalimu, wazi kabisa, yanamtazama yeye. Akalifumba jicho.

"Fortunat, usiinuke," alinong'ona. "Ni ile ya Massoudi."

Fortunat alisikia harufu ya mkojo. Mwalimu aliweza kuigiza mengi, lakini si hilo. Au pengine na hilo pia. Mzee yule hakuwa na mpaka. Akiinuka na ikawa mtego, dojo ameipoteza, na jina atakalobaki nalo ni la Massoudi. Nje Kaltum alipiga honi.

Fortunat akainuka.

"Anakufa! Mumushike miguu!"

Hakuna aliyeinua kichwa.

"Khaled! Ni muzee wetu, we!"

"Mi sioni kitu," Khaled akajibu, paji la uso chini.

Fortunat alimbeba peke yake mgongoni mpaka garini, na gari likaenda mbio hospitalini. Waliacha masanduku yadondoke njiani, hakuna aliyesimama kuyaokota. Daktari alimwambia Kaltum kwamba wangekawia kidogo tu, wangeleta maiti.

Mwalimu Obeid hakufa. Upande wa kulia ndio uliokufa, na ulimi. Yuko Kajaga, kwa ndugu wa mkewe, na Kaltum anamlisha uji kwa kijiko. Maha anapiga simu kila Ijumaa, anaongea peke yake. Massoudi alikwenda kumwona mgonjwa, akakaa kitambo, akaondoka. Khaled ndiye mwenye dojo. Mkanda mweusi alifungwa na mwalimu mwenyewe, siku ya kwanza mkono wa kushoto ulipopata nguvu ya kutosha, Kaltum akisaidia kukaza fundo. Fortunat alikuwa nyuma ya kiti, amemshikilia mwalimu mabega asianguke. Mwalimu alipomaliza na Khaled, alimvuta Fortunat mbele, akamvua mkanda wake, akamfunga mweupe.