Sungura wa Maramba

Yona aliruka kamba ya uzio akatumbukia kwenye tope la ng'ombe, na viatu vyake vya Jumapili miguuni.

"Sasa huko unafuata nini?" Beatrisi alimwuliza mumewe.

Yona alikuwa amewapa mgongo, kofia ameishusha mpaka puani, anamkodolea macho ndama utadhani ataulizwa habari zake kwenye mtihani. Njiani alipita mama mmoja mtu mzima aliyebeba kikapu cha hiliki. Alipokwisha kupita, Yona alirudi, akajipangusa tope, akasema amempenda yule ndama.

Beatrisi alimeza hasira. Maonyesho haya ya wakulima aliyaomba tangu mwezi wa tano, na Yona alikubali kwa shida. Kazi yake ni kununua machungwa Maramba kwa niaba ya tajiri mmoja wa Tanga. Analala huko juma zima, na Jumapili akija nyumbani ni mtu wa kusinzia kanisani. Beatrisi hakutaka makubwa. Alitaka siku moja nzima, yeye na mumewe na mtoto wao, watembee pamoja kama watu wengine. Familia yake ni hiyo tu. Wazazi wake, vibarua wa mkonge waliotoka bara, walifariki kabla hajaolewa.

"Baba, sungura," Leticia alimkumbusha. "Wako banda la Maramba. Wametangaza kwenye kipaza sauti."

"Banda la Maramba halina kitu. Twendeni kwenye matrekta."

Wakaenda kwenye matrekta. Kutoka hapo wakaenda kwenye mbegu, wakaenda kwenye mizinga ya nyuki, wakarudi tena kwenye matrekta yale yale. Jua lilikuwa kali, mtoto ameanza kulia, na kila Beatrisi alipogeuza uso kuelekea banda la Maramba, Yona alishikwa na kiu, au haja ndogo, au alimwona mtu anayemfahamu upande wa pili.

Kwenye foleni ya mihogo ya kukaanga walikuwa wamekaribia kabisa kufikiwa. Yule mama wa kikapu akatokea. Yona alichomoka kwenye foleni kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, akajibanza nyuma ya tenki la maji. Na ajabu ni kwamba mama naye, alipomwona, alijifunika uso kwa kanga akageuza njia.

Basi wamegombana, Beatrisi aliwaza. Sijui amemfanyia nini mama wa watu huko Maramba, na tunaoumia ni sisi. Mihogo tumeikosa, sungura tumewakosa, siku yenyewe inakwisha. Alikuwa amechoka, amechoka kweli kweli. Alimshika Leticia mkono, akamfuata yule mama mpaka ndani ya banda la Maramba. Kama ni kuomba radhi, ataomba yeye, yaishe, wapate hata hiyo jioni iliyobaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, naomba unisamehe. Yule bwana wa kofia nimekuja naye mimi. Naona mnakimbiana tangu asubuhi. Kama kuna alichokukosea, namwombea msamaha."

Mama alicheka mpaka akatua kikapu chini.

"Anikosee? Yule? Ana adabu yule, vijana wa siku hizi hawana. Sisi kwetu, mwanangu, mwanamume hapishani njiani na mama mkwe wake. Akimwona tu, anampisha."

Leticia alikwisha kuponyoka, amepiga magoti mbele ya sungura, analia kwa furaha.

"Na wewe hata usinitajie jina, nimeshakujua," mama alisema, akimshika mikono yote miwili. "Ndiwe yule dada yake wa Tanga mjini. Habari zako anatusimulia kila siku. Karibu, karibu sana. Ngoja nimwite binti yangu, yuko hapo nyuma anamnyonyesha mtoto. Siku zote anatamani kumwona wifi yake."