Ubao wa Kufika Kidevuni

Mwashamba aliuchagua ubao wa kutelezea thelujini mrefu kuliko zote dukani, ule uliompita bintiye Riziki kichwa. "Huu utakaa nao miaka," alisema. Kwao mtoto hununuliwa kitu kikubwa ili akue nacho.

Riziki alirudi nyuma. Jana ubao mrefu wa kuazima ulimbwaga thelujini mara tisa mbele ya wenzake, akaapa hapandi tena kilimani.

Bi Mastura, mwenye duka, akacheka. "Mama Riziki, kiatu kikubwa utakijaza matambara. Ubao je, utaujaza nini?"

Akashusha mfupi, wenye mikwaruzo, akausimamisha mbele ya msichana. Ncha ilimgusa kidevu. "Anayeanza, wake huishia hapa. Huu utamsikia akitaka kugeuka. Akirefuka, rudini tubadilishane."

Mwashamba alikumbuka viatu vyake vya shule, vilivyomwangusha kila akikimbia. Aliushika mkono wa bibi yule kwa mikono yake miwili, akauinamia.

Nje, Riziki alikuwa keshaulaza ubao mfupi chini. Mguu mmoja ulikuwa juu yake, wa pili bado kwenye theluji, mkono ndani ya mkono wa mama, macho kilimani.

"Mama," alisema, "sasa niachie."