Makala Tisa za Tshiamala

Kijana aliyelinda kizuizi cha barabarani alizitoa makala zote tisa kwenye begi la msafiri akazitupa juu ya pipa. Zote zilikuwa na jina moja, Dokta Tshiamala.

"Huyu Mukasai ni nani?"

Tshiamala mwenyewe alikuwa mbele yake. Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walikuwa wakifukuzwa Likasi, na jina hilo la kwao lingetosha kumuua. Kitambulisho alikitupa asubuhi. Makala zilimshinda kuzitupa: miaka kumi na tisa ya kupima akili za wauaji kwa ajili ya mahakama, na nakala nyingine ziliungua pamoja na nyumba.

"Sijue, yaya," akasema Tshiamala, akimwita kijana kaka kwa heshima. " Ni karatasi ya kufungia karanga. Minye nauzishaka karanga ku soko."

"Funga basi, tuone!"

Wenzake wakacheka. Tshiamala akachana ukurasa, akausokota ukawa kifuko chenye ncha, akaibana ncha kwa kidole gumba kama wafanyavyo mama wa sokoni. Akachana mwingine. Kwenye makala ya tano macho yake yakafuata mstari mmoja hadi mwisho, na kijana akaacha kucheka.

"Weye, soma hapa."

Binti wa Tshiamala wa miaka saba, aliyesimama kando yake na aliyefundishwa naye kusoma kwa kurasa hizo hizo, akamshika baba yake mkono.

"Papa hajuake kusoma," akasema.