Viatu vya Lihamba

Jeneza lilikwisha kutoka nyumbani, nalo lilikuwa nusu ya njia ya makaburini, Mzee Chidodo alipojilaza chali katikati ya barabara. Miguuni alivaa vile viatu vikubwa kama mitumbwi, ambavyo marehemu Lihamba, mchekeshaji, alichekeshea mji mzima.

"Hapiti mtu! Kwanza semeni, mnamzika Lihamba au mnamzika waziri?"

Chidodo alikuwa mtani wa marehemu, na mtani msibani hakatazwi. Lakini Foibe, binti wa marehemu, alikunja uso. Alikuwa ameandika kitabu cha maisha ya baba yake na viatu hakuvitaja, maana alitaka baba akumbukwe kwa heshima.

"Baba Chidodo, tafadhali inuka."

Mzee akainuka, akajikwaa kwa mguu wa kulia, akimwigiza marehemu. Hakuna aliyecheka.

"Sivyo," Foibe alisema. "Alianza na wa kushoto. Kisha aliliomba radhi jiwe alilojikwaa."

"Kumbe ulikuwa unatazama! Na hukucheka hata siku moja. Haya, tuonyeshe."

Foibe akavaa vile viatu. Akajikwaa, akageuka, akaliinamia jiwe na kuliomba radhi. Wabebaji wakacheka mpaka jeneza likatikisika mabegani.

Lihamba alizikwa kabla ya mvua. Chidodo alimfuata mwaka wa pili. Kitabu kilichapwa kikiwa kimeongezwa sura moja, wakakisoma wachache. Foibe aliendelea kufundisha shule, na viatu vikakaa mlangoni kwake, ncha zikielekea nje.